Kerezo la Baba

Mpenzi msomaji, kabla sijaenda mbali naomba tuelewane kuhusu neno moja. Mashine ninayotaka kuisimulia, mafundi wetu wa Makongeni huiita "lethi". Mwalimu mlezi wa chama chetu alipousoma mswada wangu wa kwanza alilizungushia neno hilo duara jekundu, akaandika pembeni: kerezo. Ijumaa moja nilifika nyumbani nikamwambia Baba kwamba mashine yake inaitwa kerezo. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jina jipya la mkewe. "Basi mwambie mwalimu wako," akasema, "kerezo ama lethi, deni ni lile lile."

Kwa asiyelijua, kerezo ni mashine ya kuzungusha chuma. Kipande cha chuma hushikwa na taya tatu au nne za kile wanachokiita chaki (si ile ya ubaoni, tafadhali), kikazungushwa kwa kasi, kisha kisu kigumu kikasogezwa polepole kukikwangua mpaka kikawa mviringo barabara na wa kipimo unachokitaka. Bila kerezo hakuna shafti ya kinu cha posho, hakuna bushi, hakuna ngoma ya breki ya matatu iliyonyolewa ikawa laini tena. Fundi wa kuchomelea atakuundia geti, kitanda, hata toroli, lakini shafti ikikatika hana budi kwenda kwa mwenye kerezo na kupiga foleni kama mteja mwingine yeyote.

Baba ni fundi wa kuchomelea. Kibanda chake kiko papa hapa Makongeni, Thika, mji ambao watu waliuita Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake: vya mafuta ya kupikia, vya nguo, vya ngozi, vya mananasi ya mikebe. Penye viwanda hapakosi jua kali, na Baba ni mmoja wa hao wa jua kali. Shida yake ilikuwa moja tu. Mteja akileta shafti iliyovunjika, Baba aliipeleka kwa fundi mwingine ikakae siku tatu. Kabla siku hizo hazijaisha mteja alikuwa ameshaulizia shafti yake iko wapi, akaifuata huko huko, asirudi kwetu tena.

Baada ya miaka mingi ya kulalamika, Baba aliomba mkopo wa shilingi 400,000 kwenye sacco. Rafiki zake wawili walimdhamini. Mama hakusema neno, na sisi tunaokujua kunyamaza kwa Mama tuliujua uzito wake.

Haukupita muda akaja nyumbani usiku macho yakimwaka. Alikuwa ameliona kerezo huko Nairobi, Eneo la Viwanda. Alituonyesha picha kwenye simu. Lahaula! Lilikuwa limepakwa rangi ya kijani mpaka likang'aa kama gari la bwana harusi. Vishikio vilimetameta. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba limefunguliwa lote, likakarabatiwa, likafungwa upya, na kwamba kuna Mhindi mmoja analitaka Jumatatu. Bei 380,000. Baba alilisifu mpaka ugali ukapoa. Hapo ndipo Mama alipofungua kinywa: "Enda na Guka."

Guka si babu yangu wa damu. Ni mzee jirani yetu, na mstari mzima wa nyumba zetu humwita Guka. Alikuwa mkerezaji katika karakana ya kiwanda kimoja cha nguo. Miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika nchini, viwanda vingi vya nguo viliyumba, na hicho chake kikafunga milango. Tangu hapo Guka hunoa visu na kurekebisha baiskeli. Baba hakupenda aende. Nadhani ni kwa sababu mtu aliyekwisha kupenda hataki shahidi. Lakini neno la Mama lilikuwa limetoka.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, sisi watatu, tukashika matatu. Guka alibeba kiondo. Ndani yake mlikuwa na tochi, kitambaa, chupa ndogo ya oili, kipande cha chuma cha mviringo chenye unene wa milimita 40, maikromita katika kisanduku cha mbao, na kidude kama saa chenye sumaku chini yake. Baba alipochungulia akacheka: "Mzee, tunaenda kununua ama kufanya operesheni?" Guka akamjibu kwamba daktari humpima mgonjwa kabla ya kumwoa. Sijaielewa vizuri kauli hiyo mpaka leo, ila abiria wote walicheka.

Tulipofika, muuzaji alitukaribisha kwa soda. Guka aliikataa. Kisha, badala ya kulitazama lile kerezo zuri, alikwenda kutazama sakafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee huyu, pamoja na magoti yake mabovu, aliinama kwelikweli. Akamulika kwa tochi chini ya kichwa cha mashine, chini ya kitanda, nyuma ya mota. Alipoinuka aliniita mimi, si Baba.

"Mjukuu wangu, unaona hizi skrubu?"

Niliziona. Mifuo ya kuingizia bisibisi ilikuwa imejaa rangi ya kijani.

"Sasa niambie. Mtu amefungua mashine yote, akaifunga tena, bisibisi yake ilipita wapi?"

Muuzaji akakohoa. Baba akasema labda rangi ilipakwa baadaye. Guka akasema ndiyo, labda.

Kisha akanishika mkono. "Leta kidole hapa." Kitanda cha kerezo kina reli mbili ndefu ambazo juu yake huteleza kile kigari kinachobeba kisu. Akanipitishia ukucha juu ya reli ya mbele, kuanzia mwisho kabisa chini ya kichwa, mahali ambapo kigari hakifiki, kuja upande wetu. Ukucha ukashuka. Kulikuwa na ngazi! Ndogo sana, macho hayakuiona hata kwa tochi, lakini kidole kiliijua. Guka alinieleza kwamba kazi nyingi za kerezo ni fupi, kwa hiyo kigari hushinda karibu na kichwa, kikienda na kurudi hapo hapo miaka nenda miaka rudi, na chuma hulika kama ngazi za ofisi ya zamani zilivyolika katikati. Upande wa mkiani, ambako kigari hakiendi mara kwa mara, reli hubaki kama zilivyotoka kiwandani.

Akahakikisha kwa njia nyingine, nayo ilinifurahisha zaidi. Alikisogeza kigari karibu na kichwa, akaikaza skrubu ya kukifungia mpaka kikawa kinasogea kwa ugumu kidogo. Kisha akamwambia Baba mwenyewe akisukume kwenda mkiani. Baba alikizungusha kishikio. Kufika katikati kigari kikawa kizito, na mbele kidogo kikakwama kabisa, kikagoma kama punda wa mawe. Hapakuwa na maneno. Kama kitanda kingekuwa sawa kutoka kichwani hadi mkiani, kigari kingekwenda kwa uzito ule ule mpaka mwisho.

Guka akabandika ile saa yake kwa sumaku, ncha yake ikagusa shingo ya spindeli, ndiyo ile ekseli inayozungusha chaki. Akaweka gongo la mbao chini ya chaki akaliinua kwa nguvu. Mshale ukaruka. Akarudia mara tatu. Hakusema kitu, akaandika kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Washa tusikie," akasema.

"Leo hakuna stima, mzee wangu," muuzaji akajibu haraka.

Wakati huo huo, nyuma ya ukuta, grainda ya jirani ilikuwa ikilia kama nyuki elfu. Guka alitafuta debe, akaligeuza, akaliketia. "Sawa. Tutangoja irudi. Sisi tuna siku nzima." Dakika kumi hivi baadaye stima ilirudi. Ajabu ya stima za Nairobi!

Kerezo lilipowashwa halikupiga kelele hata kidogo. Baba akanigeukia akitabasamu. Lakini Guka alikunja uso, akaomba lizimwe, akafungua kifuniko cha oili juu ya kichwa na kutumbukiza kidole. Kilitoka na grisi nzito nyeusi. Pale palitakiwa oili nyepesi. Mtu alikuwa ameshindilia grisi ili gia zilizolika zisilie mbele ya mnunuzi. "Mtoto anayelia unajua ana shida," Guka akasema. "Huyu wamemziba mdomo."

Mtihani wa mwisho ulikuwa kile chuma chake cha milimita 40. Alikifunga kwenye chaki, kikatokeza kama sentimita 15, wala hakukishikiza kwa mkia wa mashine. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mkia ukikaa kombo nao utaleta uongo wake, na leo alitaka kuusikia uongo wa kitanda peke yake. Akakikata kidogo sana, mkato mwembamba wa polepole, nyuzi za chuma zikimwagika kama nywele za mwanasesere. Halafu akanipa maikromita. Karibu na chaki: milimita 39.62. Kwenye ncha: 39.47.

Tofauti ya 0.15. Msomaji, unywele wa kichwa chako una unene wa kama 0.07, kwa hiyo tunazungumzia nywele mbili. Nilitaka kucheka, nywele mbili ndizo nini? Lakini mahali pa kukalia beringi kwenye shafti pakizidi kwa 0.03 tu, beringi haiingii ila kwa kupigwa nyundo. Pakipungua kiasi hicho, beringi inacheza, shafti inalika, na mwenye kinu cha posho anarudi kwako wiki ya pili akiwa na maneno.

"Lakini si inaweza kurekebishwa?" Baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Guka alimjibu taratibu, nami nimeyahifadhi maneno yake kwa sababu alisema kwa heshima, si kwa kumshinda. Beringi hununuliwa. Mota hubadilishwa. Gia huchongwa nyingine. Lakini kitanda ndicho mashine yenyewe. Kukisaga upya kunahitaji mashine kubwa kuliko hiyo, na gharama yake, pamoja na kubeba kwenda na kurudi, ingekaribia bei ya kununulia. "Hii ni ya kunyoa ngoma za breki na kukata bomba," alisema. "Kwa kazi hiyo ningetoa laki na nusu. Kwa kazi unayoitaka, hata ukipewa bure utalipa."

Hapo ndipo jambo lililofichwa lilipofichuka. Baba alikuwa amekwisha kumtumia muuzaji shilingi 20,000 kwa M-Pesa, pesa ya kushikilia. Hakumwambia Mama, hakutuambia sisi. Muuzaji alisema pesa ya kushikilia hairudi, na karatasi ya kusema vinginevyo haikuwepo. Walibishana, Baba akapaza sauti, kisha akaishusha. Tuliondoka mikono mitupu.

Katika matatu hakuna aliyesema mpaka tukapita Juja. Mimi nilikuwa nikifanya hesabu. Karo yangu ya muhula huo ilikuwa imebaki shilingi 18,000. Pesa ya mkopo haikuguswa, hiyo ilikuwa ya kerezo na wadhamini walijua. Zile 20,000 zilikuwa za kwangu. Nilimtazama Baba kisogoni, nikatamani Guka angelisema tu kwamba mashine ni nzuri. Naam, nakiri. Kuna saa mtu hutamani kudanganywa, na saa hiyo sikuwa na tofauti na yeye.

Jumatatu iliyofuata nilirudishwa nyumbani pamoja na wenzangu kadhaa. Nilikaa wiki mbili. Ndiyo sababu nilikuwepo siku ya Jumatano tulipokwenda Ruiru.

Ruiru ni mji wa kahawa. Hata ile aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizaliwa katika kituo cha utafiti cha hapo. Lakini siku hizi mashamba mengi yanakatwakatwa kuwa viwanja vya nyumba, na shamba likikatwa, karakana yake haina kazi tena. Guka alikuwa amesikia kutoka kwa rafiki yake kwamba shamba fulani linauza vifaa vyake. Tulikuta banda la mabati, na pembeni, chini ya magunia, kerezo la kijivu lenye jina Harrison, la kutoka Uingereza. Lilikuwa limejaa vumbi na kutu ya juujuu. Kuku alikuwa ametaga mayai matatu kwenye trei ya kudondokea nyuzi za chuma. Kizuri chajiuza, wasema, lakini hiki kilikuwa kimelala tu.

Baba alilitazama akashusha pumzi. Nilijua anaikumbuka rangi ya kijani.

Safari hii Guka aliketi, akaniachia mimi kazi. Nilipitisha ukucha: ngazi ilikuwepo, lakini ya kutafutwa. Nilikaza kigari na kukisukuma; kilikuwa kizito kidogo kuelekea mkiani ila kilifika. Spindeli haikucheza. Gia zililia, tena zililia kwa sauti moja isiyobadilika, na Guka akatikisa kichwa kwa furaha kama mtu anayesikiliza kwaya. Tofauti kwenye chuma cha kupimia ilikuwa 0.02. Kishikio cha kigari kidogo cha juu kilizunguka karibu nusu duara kabla hakijasogeza kitu, nikadhani hilo ni kosa kubwa. Guka akacheka. "Hiyo ni nati ya shaba imelika. Utaichonga mpya juu ya mashine hii hii."

Kilichomsisimua zaidi kilikuwa sanduku la mbao lenye gia za kubadilisha. Alizihesabu meno moja moja. Moja ilikuwa imevunjika meno mawili, akaiweka kando. Kisha akaitoa moja kubwa, akaifuta, akanikabidhi kwa mikono miwili. Meno 127. Skrubu ndefu ya mashine hii hupimwa kwa inchi, lakini nati nyingi tunazozitumia leo ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, zidisha kwa tano unapata 127. Na kwa kuwa 127 ni namba tasa, huwezi kuipunguza ukapata gia ndogo ya kufanya kazi ile ile kwa usahihi kamili. Mashine za inchi huuzwa mara nyingi gia hiyo ikiwa imepotea, na mnunuzi hugundua siku ya kwanza anapotaka kuchonga skrubu ya milimita. Nilimwambia mwalimu wa Hisabati habari hii, akaitumia darasani bila kunitaja.

Kasoro ilikuwepo moja ya kweli: mota ilikuwa ya fezi tatu, na kibandani kwetu stima ni ya fezi moja. Baba aliikamata kasoro hiyo kama mwindaji. Msimamizi alitaka 280,000. Baba alitaja mota, gia iliyovunjika, nati ya shaba, lori, hata mayai ya kuku aliyataja. Wakakubaliana 240,000, zikalipwa siku ya kupakia na karatasi ikatiwa sahihi na pande zote mbili. Pesa ya kushikilia haikutajwa na mtu.

Habari za kulisafirisha ningehitaji jarida zima. Nitasema tu kwamba kerezo ni zito juu kuliko chini, hupinduka kirahisi, na kwamba tuliliingiza kibandani juu ya mabomba huku nusu ya Makongeni ikitoa ushauri. Mota ya fezi moja ilinunuliwa. Siku ya kwanza chuma cha kupimia kilitoa tofauti ya 0.06, na uso wa Baba ukawa ule wa Eneo la Viwanda. Guka aliomba pimamaji. Mguu mmoja ulikuwa umeketi chini kuliko mingine, na kitanda kilikuwa kimejipinda kwa uzito wake chenyewe. Alichomeka vipande vya bati chini ya mguu huo, kipande baada ya kipande, akipima na kukata, jioni mbili mfululizo, mpaka 0.02 ikarudi.

Baba alimuuliza, "Mzee, tukupe ngapi?"

Guka aliifuta mikono yake muda mrefu. Akasema kiwanda chao kilipofungwa, kerezo alilolitumia miaka 19 liliuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu, na yeye alikuwa langoni likipakiwa. Hakutaka pesa. Alitaka Alhamisi. Kila Alhamisi aje akereze, kazi yoyote itakayokuwepo.

Karo yangu ilimalizika kulipwa mwezi wa pili wa mashine, kwa shafti nne za vinu vya posho na bushi nisizozihesabu. Lakini Alhamisi ile ya kwanza nilikuwa bado nyumbani. Guka alifika saa moja na robo, amevaa ovaroli iliyopauka, visu vyake vya kukatia amevifunga katika kitambaa cha kiwandani chenye mistari ya buluu. Baba alikuwa hajafungua kibanda. Tulimkuta amesimama mlangoni.